Kompyuta Iliyokuwa na Kazi Nyingine

Siku zile nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, katika nyumba tuliyopanga mtaa wa Jamhuri. Watafiti walinitumia mahojiano waliyorekodi huko mashinani, nami nikayasikiliza na kuyaandika neno kwa neno, kikohozi na kigugumizi cha mtu vikiwemo. Ni kazi ya masikio na vidole. Ukiwa na kompyuta nzima unaweza kuifanya vizuri na bado ukapata muda wa kuanika nguo.

Yetu haikuwa nzima. Ilikaa kwenye kona ya sebule, kasha jeusi sakafuni na kioo juu ya meza, na mume wangu ndiye aliyeinunua mara tu baada ya harusi. Alifanya kazi katika ofisi ya bima mjini na alisema mke wake hatapanga foleni kwenye saiba kungojea kompyuta ya kukodi kama mwanafunzi. Nilijivunia maneno hayo. Niliwasimulia hata majirani.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Kisha, baada ya mimi kuanza kupata kazi za mfululizo, ikaanza kuzembea. Niliandika sentensi nzima, nikatoa mikono, nikasubiri, ndipo herufi zikatokea moja moja kama wazee wakitoka kanisani. Sauti niliyokuwa nikiisikiliza ilikatika katikati ya neno. Feni ilivuma hata nikiwa sijafungua kitu.

"Ni uzee," mume wangu aliniambia. "Na wewe unafungua vitu vingi kwa pamoja."

Nikapunguza. Nilihamisha picha za harusi kwenye flashi, nikafuta programu ambazo sikujua kazi zake, nikafungua kasha na kutoa vumbi kwa brashi ya rangi ambayo haikuwa imetumika. Ilipata nafuu siku mbili tatu, ikarudi pale pale. Nikamwambia mume wangu kwamba nitaipeleka mjini kwa fundi.

"Usithubutu," alisema. "Wale watu wa mjini watachomoa vipande vizuri wakuwekee vibovu. Nitaitengeneza mwenyewe."

Na kweli, Jumamosi moja moja alikaa mbele yake. Alinituma sokoni au dukani, na nikirudi nilimkuta anaizima. Aliniambia ameisafisha. Nilimshukuru. Jumatatu ilikuwa polepole kuliko Ijumaa.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mtafiti mmoja, mwanamke mpole aliyenitumia kazi kwa muda mrefu. Nilichelewesha faili zake mara ya kwanza akanivumilia, mara ya pili pia. Mara ya tatu alinipigia simu. "Najua si kupenda kwako," alisema, "lakini hii nimempa mtu mwingine." Jioni nilimweleza mume wangu. Alinishika bega akasema labda kazi hii sikuwekewa mimi, labda nipumzike. Alisema kwa sauti nzuri kabisa.

Nilipompoteza huyo mtafiti ndipo nilipoamua. Nilingoja mume wangu aende kazini, nikachomoa nyaya, nikalifunga kasha kwa leso mbili na kulipeleka mjini.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, na kibanda chake kilikuwa ghorofani upande wa barabara ya Luthuli, chumba kilichogawanywa kwa vioo kati yake, mshonaji wa mikoba na muuza vifuniko vya simu. Aliniambia nikae kwenye stuli ya plastiki.

"Sasa, dada. Imefanya nini?"

"Iko polepole sana. Imezeeka."

Aliifungua, akaipuliza vumbi, akaiunganisha na kioo chake. Alisema diski ni nzima. Alisema memori inatosha kwa kazi yangu na kazi ya mtu mwingine. Kisha akafungua ukurasa unaoonyesha programu zinazoendelea ndani kwa ndani, akakaa akiutazama, akaniuliza bila kugeuka, "Unafanyia ofisi gani?"

"Sina ofisi. Najifanyia mwenyewe nyumbani."

"Na hii kitu nani aliweka?"

Sikuelewa anauliza nini. Mshonaji wa mikoba alikuwa karibu, na wateja wawili walikuwa wamesimama kwenye kioo wakitazama chaja. Fundi alikigeuza kioo cha kompyuta kikaangalia ukuta, akavuta stuli yangu karibu naye, akapunguza sauti.

"Kompyuta yako haijazeeka. Ina kazi nyingine inafanya. Kuna programu hapa inapiga picha ya kila kitu uko nacho kwa skrini. Dakika chache, inapiga tena. Kila herufi unabonyeza, inaandika. Halafu inatuma."

"Inatuma wapi?"

Alinionyesha. Ilikuwa barua pepe ya mume wangu, ile ile aliyoitumia kuomba viza na kulipia umeme.

Nilimwomba anifungulie picha hizo. Hakutaka. Aliniuliza kama nina hakika. Kisha akafungua. Nikaona kazi yangu, siku zangu zote, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu bila kuchoka. Mahojiano niliyoyaandika. Mapishi niliyoyatafuta. Barua kwa dada yangu aliyeolewa Mombasa. Na katika faili ya maandishi, herufi zote nilizobonyeza zilikuwa zimepangwa kwa mfuatano, pamoja na zile nilizozifuta.

Kulikuwa na siku nilimwandikia dada yangu kwamba nikisikia funguo za mume wangu mlangoni, moyo wangu unashuka. Nilipoisoma sentensi hiyo niliogopa mwenyewe, nikaifuta, nikaandika kwamba mume wangu ni mzima na anamsalimu. Dada yangu alipokea salamu. Mume wangu alipokea yote mawili.

Nilikaa kwenye ile stuli nikikumbuka mambo ambayo nilikuwa nimeyaweka moyoni kama hazina. Kuna wakati aliniletea sweta ya kijani yenye vifungo vya mbao, sweta niliyokuwa nimeitazama kwenye mtandao siku nyingi na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nililia nilipoifungua. Nilimwambia mama kwamba huyu mwanamume ananijua hadi ndani. Kuna wakati mwingine nilikuwa nimeanza kuandika ombi la kazi kwa wachapishaji fulani mjini, sijalimaliza, na akiwa anakunywa chai akaanza kusema jinsi wanawake wa ofisi wanavyoharibikiwa ndoa zao. Nilishangaa jinsi mawazo yetu yalivyokutana. Ombi sikulituma. Nilidhani huo ndio ukaribu wanaouombea watu kanisani.

"Nifanye nini?" fundi aliniuliza. "Naweza kuitoa hiyo programu peke yake. Lakini mimi singeamini. Ingekuwa yangu ningefuta kila kitu, niweke upya kuanzia chini."

"Futa."

"Ukifuta, ushahidi pia umeenda."

Nikapiga picha chache za skrini hiyo kwa simu yangu, baadhi zikatoka na ukungu. Fundi akahifadhi faili zangu za kazi kwenye flashi, akazichunguza moja moja, kisha akaanza kufuta. Ni kitu kisicho na mshindo. Mstari wa bluu unatambaa kushoto kwenda kulia, basi. Alikwenda kuninunulia chai na mandazi kwa mama anayeuza ngazini, nami nikaiacha chai ipoe. Ilipowaka tena ilikuwa haina chochote, hainijui, inaniuliza jina langu na lugha ninayotaka. Fundi aliniachia kibodi na kutazama kando nilipoandika paswadi.

Nilipofika nyumbani niliunganisha nyaya, nikaiwasha. Ilifunguka kabla sijakaa vizuri. Niliandika sentensi na herufi zikatoka chini ya vidole vyangu papo hapo. Nilikuwa nimeingoja furaha hiyo kwa muda mrefu, na sasa haikuja.

Nilisubiri Jumamosi. Tulikuwa mezani mchana, ndengu na chapati, redio ikiwa chini. Nikamwambia kwamba nimeipeleka kompyuta mjini.

"Kwa nani?" Hilo ndilo swali lake la kwanza.

"Kwa fundi. Ameniambia ilikuwa inafanya nini."

Aliendelea kukata chapati yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, au kukana, au kuomba msamaha, na nilikuwa na jibu la kila moja. Hakuleta hata moja.

"Kompyuta ni yangu," alisema. "Mtu ana haki ya kujua kitu chake kinafanya nini."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mke wangu." Alilisema kama mtu anayerudia jibu lile lile kwa asiyesikia vizuri.

"Ulikuwa unasoma barua zangu."

"Kama huna cha kuficha, inakuuma nini?"

Nilimuuliza ile sentensi ya funguo, kama aliisoma. Alijifuta mikono.

"Niliisoma."

"Na hukuniuliza chochote."

"Ningekuuliza nini? Ulikuwa umeifuta."

Maneno hayo nimeyazungusha kichwani nikifua, nikitembea, nikiwa kanisani. Aliisoma, akajua kwamba namwogopa, na kila jioni akaendelea kutia funguo mlangoni vilevile.

Nilikwenda kwa mama yangu huko Kinoo, naye akaita kikao. Walikuja mjomba wangu, mume wangu na kaka yake mkubwa, wakaketi kwenye viti vyenye vitambaa, wakanywa chai ya maziwa na kuzungumzia bei ya mbolea kabla hatujafikia letu. Nilitoa simu nikawaonyesha picha. Mjomba alivaa miwani, akaitazama simu akiwa ameishika mbali, akasema haoni kitu isipokuwa maandishi.

"Ni maandishi yangu," nilimwambia.

"Sasa kama ni yako, tatizo liko wapi?"

Kaka yake mume wangu alikuwa afadhali kidogo. Alisema mdogo wake alikosea kutonijulisha. Wote walilishika neno hilo kwa shukrani. Kosa likawa ni kutonijulisha. Mume wangu akainamisha kichwa akasema amekubali, atakuwa akinijulisha. Mjomba akanigeukia, akasema kwamba kwa kuwa mwenzangu amejishusha, nami nionyeshe moyo wa amani, nimpe paswadi mpya.

Nilisema hapana.

Hakuna aliyepandisha sauti. Mama aliinuka akaniita jikoni. Alisimama karibu na sinki akanishika mkono, na nilifikiri angenikumbatia.

"Baba yako alikuwa ananipiga," alisema. "Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Huyu wako anakuangalia tu. Anakuangalia, basi. Shukuru."

Kwa mama yangu, hayo yalikuwa maneno ya mapenzi, na nadhani hilo ndilo lililonichosha kuliko yote ya siku ile. Nilisafisha vikombe, nikarudi sebuleni, nikawaambia kwamba sitarudi Jamhuri. Mjomba akavua miwani akasema basi, kama ni hivyo, basi.

Mama ana vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, na kimoja kilikuwa wazi. Nilihamia humo na kompyuta yangu. Wapangaji walipouliza, mama aliwaambia kwamba magoti yanamsumbua na nimekuja kumsaidia. Magoti yake ni mazima. Anapanda mlima kwenda kanisani akiwaacha vijana nyuma. Lakini walipomsalimu aliyashika, na polepole hata akaanza kutembea kama mtu anayeumwa, kwa ajili ya heshima yangu au yake.

Sikukaa na kompyuta kwa muda mrefu. Mume wangu aliniandikia kwa simu, kwa adabu, kwamba vitu vingine nichukue vyote ila kompyuta ina risiti yenye jina lake. Sikubishana. Niliifuta upya mwenyewe, nikitazama maelezo kwenye simu, na nikafaulu. Kaka yake alikuja kuichukua. Alisimama mlangoni akilikumbatia lile kasha, akasema mvua inakuja.

Baadaye nilisikia kwamba dada mdogo wa mume wangu amehamia Jamhuri kwa kaka yake kwa sababu anasomea ualimu mjini, na kwamba kompyuta ile ndiyo anayoitumia kwa masomo. Tulikuwa tumependana na yule msichana. Alinisuka nywele kabla ya harusi yangu. Nilisita wiki nzima, kisha nikampigia. Nilimwambia kila kitu, bila kutia chumvi, nikamwelekeza kwa fundi ghorofani na kumwambia aombe aangalie programu zinazoendelea ndani kwa ndani.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada," alisema, "mimi nakupenda sana. Lakini kaka aliniambia utanipigia, na akaniambia utasema hivi."

Akaniuliza hali ya mama na magoti yake. Nikamjibu kwamba yanaendelea vizuri. Tukaagana. Nilikuwa na mahojiano ya kuandika kwenye laptopu ya kuazima, sauti ya mkulima mmoja akieleza kisima kilivyokauka, nikavaa vipokea sauti na kuanza. Nilipofika katikati ya sentensi yake nilisimama, nikageuka kutazama nyuma ya kiti. Kulikuwa na ukuta tu, na kalenda ya kanisa.