Koti la Kaki la Mdogo Wangu

Mpaka leo nikisikia mtu akisema Kericho hakuna jua, damu inanichemka. Asubuhi sweta, mchana mawingu, jioni mvua. Basi watu wa kwetu wakadhani jua ni la Kisumu. Mdogo wangu alizaliwa albino, na jua hilo ambalo eti halipo lilimbabua shingo na mikono hata siku za mawingu.

Mama alikuwa mchuma chai. Kusoma hakusoma, lakini nguo alizijua. Dukani aliinua kitambaa mlangoni akaweka mkono nyuma yake. "Nikiona vidole vyangu, jua nalo litapita," alimwambia mwenye duka, naye akamcheka. Mwishowe alikata koti la kaki la baba, lile zito la kazini, akamshonea mdogo wangu koti la mikono mirefu, kola juu mpaka masikioni.

Shuleni yunifomu ilikuwa blauzi nyeupe, nyepesi, ya mikono mifupi. Mwalimu wa zamu alimtoa mdogo wangu, na koti lake, mbele ya paredi.

"Wewe unajifanya nani? Vua hilo koti. Baridi yote hii, jua liko wapi?"

Mama alikwenda kumwomba, bado amefunga gunia la kuchumia kiunoni. "Mwalimu, tafadhali, mtoto anachomeka ndani ya hiyo blauzi." Mwalimu akamjibu kwamba nguo nyeupe haichomi mtu, na sheria ni sheria. Hata kiti hakumpa.

Miaka yote ile alivaa blauzi. Mvua ikimnyeshea, blauzi ilimganda mwilini, mabega mekundu yakaonekana kama hajavaa kitu. Mimi nilikuwa darasa la saba, naona aibu kuitwa dada ya mtoto wa koti, nikanyamaza. Hilo sijajisamehe.

Kidonda kilianza begani, kikakataa kupona. Daktari alimuuliza mama kwa nini hakumfunika mtoto. Mdogo wangu alifariki kabla ya kufika miaka ishirini.

Siku ya kumvalisha, akina mama wa kanisa walileta gauni jeupe jipya. Mwalimu yule ndiye aliyelibeba, analia. Nililipokea, nikaliinua dirishani. Kupitia kitambaa chake niliona chai yote mpaka ng'ambo ya bonde. Nikamrudishia.

Koti la kaki halikumtosha tena. Tulimfunika nalo mabega.