Mtoto Hatemi Makohozi

Kilichoninyima usingizi majuma yale ni swali moja: je, kama si kifua kikuu? Sindano zenyewe za kukitibu ziliweza kumharibu mtoto masikio. Nilimwona akilini tayari amekua, anaitwa na wenzake kibanjani, kati ya migomba ya kwao, hageuki. Kisha nililigeuza swali, nalo likawa baya vilevile: je, kama ni chenyewe, na mimi bado ninafikiri?

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Nilikuwa nimetoka masomoni na cheti kipya cha utabibu, nikapangiwa hospitali ndogo upande wa Muleba. Mtoto alikuwa wa kike, hajatimiza miaka miwili, aliyeletwa na bibi yake mzaa mama. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Mtoto alikonda, homa ilimpanda kila jioni, na tezi zilimvimba shingoni. Malaria ingeweza kueleza sehemu ya hayo, na lishe mbaya sehemu nyingine. Mtu mzima angetema makohozi tukayatazama kwa hadubini, lakini mtoto mdogo hatemi, humeza. Kwa hiyo makohozi yake hutafutwa tumboni, kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani alfajiri, kabla hajala kitu.

Daktari mkubwa, Mwingereza aliyekuja kutoka Bukoba mara mojamoja, alikuwa ameniambia kwamba dawa ni chache, nisimwanzishie mtu bila ushahidi.

Mara ya kwanza mpira ulitoa ndizi. Mara ya pili, ndizi.

"Bibi, si nilikuomba asile?"

"Uliomba," alisema. "Na mtoto naye akaomba. Nimsikilize yupi?"

"Nataka kuujua ugonjwa wake."

"Ugonjwa wake njaa, waitu, mwanangu. Hata wewe unao. Hebu jitazame shingo. Kwenu hawapiki?"

Wanawake wa vitanda vya jirani walicheka. Nilicheka nao, masikio yakiniwaka.

Safari iliyofuata niliwahi wodini, nikidhani nitamtangulia. Nilimkuta amekwisha kuketi, mtoto mapajani, kipande cha ndizi ya jana mkononi. Alikitafuna polepole mpaka kikalainika, akakitoa kwa kidole, akamtia mtoto kinywani, kama nilivyolishwa mimi nikiwa mdogo. Kisha akakohoa, uso wake ukiwa juu kabisa ya uso wa mtoto.

"Unakohoa tangu lini, bibi?"

"Ni kiko hicho, na moshi wa jikoni. Usinitafutie kitanda, mimi sikuja kulazwa."

Siku ile sikumgusa mtoto. Nilimpa bibi kikopo, akatema ili nimwache. Chini ya hadubini vijiti vyekundu, vijidudu vya kifua kikuu, vilikuwa vingi mno. Niliinua macho, nikatazama tena, nikiomba liwe kosa langu la kuyatia makohozi rangi.

Hapo mawazo yakaanza upya. Huu ulikuwa ushahidi wa bibi, si wa mtoto. Daktari angeukubali? Na nikimwambia bibi, ningekuwa nimemwambia nini hasa? Mjukuu yule ndiye pekee aliyebaki katika nyumba yake. Nilitembea nje, nikizunguka migomba ya hospitali, nikitunga maneno na kuyafuta. Nikasikia anakohoa ndani, na mtoto anacheka kwa sababu kifua cha bibi kilimtikisa.

Niliingia, nikachuchumaa mbele yake.

"Bibi, kikohozi chako si cha kiko. Ni kifua kikuu, na naamini mtoto amekipata. Nitawatibu wote wawili, lakini hamwezi kulala pamoja."

Alimsogeza mtoto mbali na uso wake.

"Amekipata kwangu?"

"Naona hivyo, bibi."

"Na mama yake je? Alikohoa mpaka siku aliyokufa. Naye nilimlisha mimi, hivihivi."

Nilitafuta jibu ambalo lingekuwa la kweli na tena lisimuue.

"Sijui," nikasema.

Nilinyoosha mikono. Hakunizuia. Alimfunga mtoto nguo vizuri mabegani kwanza, ndipo akamwachia. Nilimpeleka chumba cha pili, nikavuta dawa kwenye sindano bila kumngoja daktari, nikamdunga. Alimlilia bibi yake, nami nikaendelea kusukuma dawa mpaka ikaisha.