Anayeshona Suruali Zisizo na Kamba

Saa mbili asubuhi, cherehani ya Mama Suruali imeshapata moto. Mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitambaa kizito cha kijivu, na mdomoni ameshika pini. Ukimsalimia anaitikia kwa nyusi.

Chumba ni kimoja, mlango wa bati na meza ya kukatia. Upande wa kushoto zinaning'inia sare za shule. Upande wa kulia kuna rundo ambalo mteja akiligusa tu anaambiwa, "Hizo ziache, zina wenyewe."

Wenyewe ni wafungwa waliohukumiwa kunyongwa.

Suruali zao hazina mfuko, hazina kifungo, wala kamba. Kiunoni anaweka mpira mwembamba na kuushonea ndani kwa ndani, mshono juu ya mshono, usivutike. Gereza linataka hivyo ili mtu asije akajitia kitanzi.

"Kazi hii niliipata baada ya mume wangu kufa," anasema. "Nilikuwa na watoto wanataka kula, sikuuliza nani atazivaa. Nilipokuja kujua nikasema sawa, wacha wavae."

Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala. Vijana watatu walikwenda kuiba, wakampiga nondo akafa. Mmoja alikamatwa na watu barabarani, akafia hapo hapo. Wa pili aliugua gerezani, naye akafa. Aliyebaki ni wa tatu, ambaye hakuingia ndani. Yeye alisimama getini kuangalia kama mtu anakuja. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Wazazi wenzangu, hapa someni polepole. Kijana yule hakushika nondo. Lakini mahakama ilisema walikwenda kwa nia moja, basi damu ni ya wote, na yeye akahukumiwa kunyongwa kama aliyepiga; sasa yumo gereza hilo hilo la suruali za kijivu. Mtoto atakwambia, "Mimi nilisimama tu." Kusimama nako kuna kesi. Muulize wako leo, anasimama wapi na anasimama na nani.

Mwezi uliopita Mama Suruali alikosea. Alikuwa anashona suruali za mafundi ujenzi na za gereza kwa pamoja, mkono ukaenda kwa mazoea, akapitisha kamba kwenye suruali moja ya kijivu. Haikupita wiki, askari magereza akaingia chumbani na ile kamba mfukoni.

"Mama Suruali, unataka nifukuzwe kazi? Mtu angejinyonga na hii."

"Si mnataka kumnyonga wenyewe, afande?"

Askari akacheka, naye akacheka. Kisha kila mmoja akatafuta pa kuangalia.

"Sisi tuna utaratibu," askari akasema mwishowe.

Akamweleza kwamba hawakuigundua wao. Mfungwa mwenyewe aliichomoa, akaita, akaitoa kwenye kidirisha cha mlango. Akasema fundi amesahau.

"Nani huyo?"

"Hilo sisemi."

"Ni yule wangu?"

"Dada, wewe shona suruali."

Tangu siku hiyo hana raha. Huenda ni yeye, huenda siye.

"Kuna saa naomba awe yeye, kuna saa naomba asiwe," anasema. "Sasa niambie, mtu anayeomba hivyo anaomba nini?"

Na mambo yamekuja kwa pamoja. Ipo kamati inazunguka kukusanya maoni, kama adhabu ya kifo ifutwe au ibaki. Miaka mingi imepita hajanyongwa mtu, lakini majaji bado wanahukumu, na waliohukumiwa wako pale pale, hawafi na hawatoki. Alhamisi hii ni zamu ya familia za waliouawa. Mama Suruali ameitwa akaseme.

Kila mtu amemletea lake. Mama mkwe wake, ambaye huketi humo humo akifumua mishono, hafichi.

"Mwanangu hakupewa rufaa," anasema bibi huyo. "Aliyemuua analishwa, na suruali anashonewa na mjane."

"Bibi, na siku ikijulikana walimkosea mtu, watamfufua?" anauliza binti mkubwa wa Mama Suruali.

"Huyu hawakumkosea. Alikiri."

"Alikiri kusimama, bibi."

"Angesimama kwao."

Kinyozi wa mlango wa pili naye anasema kitanzi kikifutwa, wezi watazaana kama panya. Mteja aliyekuwa kitini akamjibu kwamba kitanzi kipo tangu azaliwe na panya nao wapo. Kinyozi akamwambia atulie, wembe uko shingoni.

"Huyu akisema namwona ana akili, yule akisema namwona ana akili," anasema Mama Suruali. "Asiye na akili nimebaki mimi."

Ukimtajia kusamehe, anatoa pini mdomoni kabisa.

"Sijasamehe. Usiandike nimesamehe."

Basi Alhamisi atasema nini? Anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena.

"Nitawaambia kabla hawajaamua lolote, wanipeleke nikamwone. Pale getini alisikia. Nataka kujua mume wangu alipiga kelele? Alimwita nani? Mahakamani hakuna aliyeuliza, walikuwa na nondo tu, nondo, nondo. Wenye masikio ya siku ile wamekufa, amebaki yeye. Wakimnyonga, wanamnyonga na jibu langu."

"Na akishakujibu, utataka anyongwe au asinyongwe?" anauliza binti.

"Hapo sijui, mwanangu. Sijafika hapo."

Mama mkwe hajainua kichwa. Ameshika wembe wa kufumulia, lakini mshono hauendi.

"Na akisema mwanangu aliniita mimi?" anauliza.

Mguu wa Mama Suruali unatulia juu ya cherehani. Anamgeukia bibi.

"Basi twende wote wawili, mama."