Nyuma ya Mawe ya Rangi

Kazi yangu Juba ilikuwa ya kukaa, na kukaa ndiko kulikonishinda. Nilikuwa mtunza stoo katika hoteli ya mahema na makontena kando ya mto. Ilikuwa miaka ile ya amani, baada ya mkataba kutiwa sahihi, watu wakimiminika mjini kutoka Khartoum, Kampala na Nairobi, na kila aliyefika alitaka kitanda. Niligawa shuka na sabuni asubuhi, halafu nikabaki na siku nzima mikononi. Mshahara ulifika kwa wakati. Kivuli kilikuwepo. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, mpaka mpishi wetu Mganda akaniuliza kama nina mchwa kwenye suruali.

Mke wangu ndiye aliyeufanya mji ule kuwa nyumbani. Alifungua kibanda cha chapati na maharage Gumbo, ng'ambo ya daraja, kando ya barabara ya Nimule. Tuliishi nyuma yake katika chumba cha mabati. Madereva wa malori walimzoea upesi; walimwita Mama Kenya, wakamtania kwamba chapati zake zinawachelewesha mpakani. Alicheka nao. Nyumbani Taita nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo kwa miaka.

Alikuwa amenifuata kwa sharti moja. Ukoo wetu ulichimba vito kwa mikono upande wa Kasigau: baba yangu, kaka zangu, kisha mimi na yeye. Tulitafuta ganeti ya kijani. Tulifuata mkanda wa mwamba mweusi unaochafua vidole kama masizi, na ndani yake tukitafuta uvimbe tulioita viazi, kwa kuwa ulifanana na viazi hasa. Ukipasua kiazi, kwa bahati, ndani kuna kijani. Vingi vilikuwa na unga tu.

Familia yetu ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Hakuna aliyeingia shimoni peke yake. Aliyeshuka alifungwa kamba kiunoni, na ncha ya pili ilishikwa na mtu wa nyumbani aliyekaa juu, si kibarua. Aliyeshika kamba hakupiga soga. Alisikiliza kwa mikono. Kamba ikikaa kimya mno, aliita. Asipojibiwa, alishuka mwenyewe, awe mwanamume au mwanamke. Mke wangu alinishikia kamba tangu binti yetu wa pekee alipokuwa wa kubebwa mgongoni hadi alipomaliza shule. Kisha ukuta wa shimo la jirani ukaanguka na watu wawili ndani. Siku ile aliiviringisha kamba yetu, akaitia gunia.

"Nitakufuata hata hiyo Juba yako," alisema, "lakini sururu inabaki hapa. Siku nitakayokuona umeinamia mwamba tena, mimi narudi kwetu."

Niliahidi, na siku ile nilimaanisha.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na somo moja halikunitoka kichwani. Mwalimu wetu wa jiografia alitupeleka nyuma ya shule akatuonyesha mwamba wenye michirizi, mweupe na mweusi, iliyokunjika kama nguo iliyofuliwa ikasokotwa. Akasema haya yalikuwa matope ya bahari, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Nchi kavu mbili zikasogeleana zikakutana, bahari ikafungwa katikati, na milima mirefu ikainuka juu yake. Chini ya uzito ule matope yaliiva, ndani yake kukaota vito. Milima yenyewe imekwisha kuliwa na mvua. Sisi tunatembea juu ya mizizi yake. Alichora ubaoni mkanda mrefu kutoka Msumbiji, ukipita kwetu, ukielekea kaskazini hadi pembeni mwa ramani. Hakusema unaishia wapi.

Basi jioni moja, nikitoka kazini, nilipita penye rundo la kokoto kusini ya Gumbo, kwenye njia ya vumbi iendayo Rejaf ya ng'ambo ile. Mama mmoja wa Kibari, mwenyeji wa pale, na binti zake walikuwa wakivunja mawe ya kuuzia wajenzi. Jua lilikuwa limelala, likaingia ndani ya rundo. Nikaona mekundu. Si wekundu wa udongo. Ulikuwa wekundu wa juisi ya zambarau ukiinua gilasi mwangani. Nikapiga magoti kando ya rundo, nikaanza kupekua.

"Wewe mzee ya Kenya," yule mama aliniita. Alikuwa ameishi miaka mingi kambini Uganda, na Kiswahili chake kilitoka huko. "Unatafuta nini kwa kokoto yangu? Umepoteza jino?"

Binti zake waliangua kicheko.

"Mama, haya mawe mnayatoa wapi?"

"Kwa kori kule." Alinyoosha nyundo kuelekea korongo kavu. "Iko mingi. Lakini hii yenye damu ni mbaya, inavunjika ovyo. Fundi hapendi."

Nyuma yake moto wa matairi ulikuwa ukiwaka juu ya jiwe kubwa. Ndivyo walivyopasua mwamba: moto, halafu maji. Kwetu moto kwenye mwamba wa vito ni kama moto kwenye ghala, kwa maana kito hupata nyufa kikafa. Nilijikuta nikipiga kelele, "Zimeni! Mnaua mawe!"

Yule mama aliniangalia, kisha akawaangalia binti zake. "Huyu kichwa yake imeshika jua," akasema. "Mpeni maji."

Nilirudi kesho yake, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Ni haki niseme kwamba ganeti nyekundu ni kito cha bei ndogo, nami nilijua. Sikuwa na njaa, na hapakuwa na deni lililonisukuma. Nilichotaka ni kujua mkanda ule wa ubaoni umefika mpaka huku, na kwamba mimi ndimi niliyeuona. Usiku nilijigeuza kitandani mpaka mke wangu akasema, "Lala au toka."

Juu ya korongo, mwamba ulikoanza, palikuwa na mstari wa mawe madogo yaliyopakwa rangi: nyeupe upande wa njia, nyekundu upande wa ndani. Yalipita kwenye nyasi yakapotea. Mama wa kokoto alikwisha kunieleza. "Nyeupe, unatembea. Nyuma ya nyekundu, mafi, hakuna kwenda. Vita imeacha vitu yake pale." Alisema kama mtu anayekueleza kisima kiko wapi. Binti zake waliokota mawe hadi kwenye mstari, wakageuka.

Sasa nieleze upumbavu wangu, kwa kuwa ni wa watu wa kwetu peke yao. Kule Kasigau pia kulikuwa na mawe ya rangi. Matajiri wenye vibali waliyapaka na kuyapanga kwenye mipaka ya vitalu vyao ili sisi wadogo tusiingie. Nimekulia kwenye kuyaruka. Baba yangu alisema penye jiwe lililopakwa rangi ndipo penye mali. Asiye na mali hanunui rangi. Kwa hiyo nilipoutazama mstari ule, macho yalisoma kifo na miguu ikasoma tajiri. Nilijiambia labda kuna mkubwa fulani amekwisha kuyaona mekundu, naye anatisha watu kwa habari za vita. Nusu yangu haikuamini hata kidogo. Niliiacha nusu hiyo njiani.

Mke wangu aligundua kwa kufua. Alikuta changarawe nyekundu mfukoni mwa suruali yangu ya kazi, akaziweka mezani pale madereva wanapokula.

"Haya ni ya stoo?" aliuliza.

"Niliokota tu njiani."

"Wewe huokoti tu, Baba. Mbwa hunusa tu?"

Dereva mmoja alicheka hadi akapaliwa na chai. Mke wangu hakucheka. Alikunja leso yake upya kiunoni, akasema atanisindikiza Jumapili baada ya ibada, akaone hiyo njia yenye mawe. Nilidhani anataka kunipigia kelele mahali pasipo wateja.

Jumapili tulikwenda. Mama wa kokoto na binti zake walikuwa kanisani, rundo lilikuwa peke yake. Tulipanda kando ya korongo. Nilimwonyesha michirizi ya mwamba, iliyokunjika vilevile kama nyuma ya shule yangu, nikamweleza habari ya bahari na milima. Alinisikiliza. Kwa dakika chache tulipatana tena, wazee wawili na mwamba wao. Kisha nikaona, hatua kama ishirini ndani ya mstari, mahali mvua ilipokuwa imeuvunja ukingo. Palimetameta.

"Rangi ile ni ya nini?" aliuliza.

"Mipaka tu," nikasema. "Kama kwetu."

"Mipaka ya nani?"

Niliruka.

"Baba. Simama hapo. Rudi."

Nilitembea. Sikukimbia; niliweka mguu palipokuwa na mwamba mtupu, na pasipokuwa na mwamba niliuweka hivyohivyo. Nilihesabu hatua. Kwenye ya sita nikasikia malapa yake nyuma yangu.

Hapa ndipo ambapo nimekuwa nikipakimbia katika habari hii. Nilimsikia. Nilijua hasa anachofanya: hakuwa na kamba, kwa hiyo alikuwa ameshuka. Ningeweza kugeuka nikasema neno moja, simama, naye alikuwa bado karibu na mstari. Sikusema. Kitu fulani ndani yangu kilitulia kwa mara ya kwanza tangu tufike Juba, kwa kuwa alikuwa nyuma yangu kama zamani. Nilimwacha akanyage pale nilipokanyaga, hatua kwa hatua, mpaka mwisho.

Nilichuchumaa nikachokoa ukingo kwa kidole. Zilitoka ganeti kama saba au nane. Zilikuwa mbovu, zimejaa nyufa, hata mtoto asingezichezea. Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa amesimama juu ya nyayo zangu mbili za mwisho, ameshika leso kwa mikono yote miwili.

"Hii si mipaka," alisema. "Niambie ni nini."

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alivua malapa, kwa kuwa yalikuwa yakimtelezesha, akayaacha palepale, akageuka polepole. "Sasa mimi niko mbele," alisema, "na wewe kanyaga ninapokanyaga." Tulirudi hivyo. Kila hatua aliitafuta kwa macho kabla ya kuishusha. Tulipovuka upande mweupe aliendelea kutembea, miguu mitupu juu ya kokoto, hadi nyumbani. Jioni alikanda unga kama kawaida.

"Ulinisikia nikija nyuma yako?" aliniuliza, mikono yake ikiwa ndani ya unga.

"Sikukusikia," nikasema.

Wiki chache baadaye wategua mabomu walifika na magari yao meupe. Siku moja kabla ya adhuhuri waliifunga njia, na sisi Gumbo tukasikia mshindo, kimya, kisha mishindo miwili iliyofuatana. Mabati yalitikisika. Dereva aliyekuwa akila alisema, "Hiyo ni upande wa kori." Mke wangu aliweka kijiti cha kusukumia chapati mezani, akalizima jiko. Wateja walikuwa bado wamekaa.

Aliondoka Alhamisi kwa basi la kwenda Kampala, aunganishe la Nairobi. Kibanda alimwachia msichana wa Kiganda aliyemsaidia. Mimi nilibeba begi. Utingo alikuwa akipiga ubavu wa basi, akimwambia, "Mama Kenya, leo utakula chapati za wenzako, utajuta!" Alitabasamu kwa adabu, akanivuta kando.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Ulinisikia?"

Ilikuwa rahisi. Basi lilikuwa linaunguruma. Ningeweza kusema ndiyo, na kelele ingenificha uso. "Sikukusikia, Mama," nikasema. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya," akapanda.

Nilibaki Juba miaka miwili mingine. Sikurudi korongoni. Wala sikutulia, nilihama hoteli, nikahama chumba, nikavuka mto kuishi Hai Jalaba, nikahama tena. Yule mama wa kokoto alipoonana nami sokoni aliniuliza mke yuko wapi. Nikasema amesafiri. Akasema, "Malesh, mzee, pole," kwa sauti ya mtu aliyekwisha ambiwa.

Nilipofika nyumbani hatimaye, alikuwa akiishi kwa binti yetu. Nilimkuta ukumbini akichambua maharage kwenye ungo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi tangu Nimule, yakabaki machache.

"Nilikusikia," nikasema. "Tangu hatua ya sita."

Aliendelea kuchambua. Alitupa kijiwe nje, akatupa kingine.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Mtu aliyeshika kamba miaka yote hiyo hajui kama anasikika? Nilitaka tu useme mwenyewe, ungali na meno."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe ile ya kuingia. Wewe ni wewe. Hii ya kuniacha nije, bado." Alisogeza ungo upande wa mwanga. "Kaa. Chakula kitaiva. Ule, halafu uende."

Nikakaa. Nilikula, nikamshukuru, nikaenda.