Nusu ya Chini ya Kadi

Jamani, msinicheke mpaka nimalize, maana aibu niliyoipata kwenye harusi ya mdogo wangu Zuhura nikiikumbuka bado jasho linanitoka, na yote ni kwa sababu ya kujifanya mjuaji.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nachapa kazi za watu kwenye kiofisi kimoja pale Mtoni, tuna kompyuta moja tu, kuukuu, kioo chake kidogo, bosi akatuletea programu mpya ya kuchapia kwenye disketi, nzuri, ina mpaka maua, ila kwenye mashine yetu vitufe vyake vilijaa juu vikala kioo karibu chote, karatasi ikabaki inachungulia mistari mitatu (na ukitaka kushuka chini, unasubiri mpaka chai inapoa). Programu ya zamani ilitosha kabisa, lakini mie nikasema la, Zuhura apate kadi ya kisasa. Tena nikajiona mjanja: badala ya kuchora maua upya nikachukua tangazo la arobaini ya mzee mmoja nililolichapa wiki ile, nikafuta maneno, nikaandika ya harusi, umeme wenyewe unakatika unarudi, nikachapisha haraka haraka na kukimbia nazo nyumbani.

Wakwe walishaketi sebuleni wakizisubiri. Mama wa bwana harusi tangu mwanzo hakuitaka ndoa hii, alikuwa anatafuta sababu tu. Mshenga wao, Mzee Saidi, akavaa miwani akasoma kwa sauti, majina ya wazazi, siku, msikiti, mie natabasamu, halafu akaunganisha bila kupumua, "Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema peponi."

Watu wote wakaitikia, "Amin!"

Mama yule akasimama, anajifunga mtandio. "Mnamuoza mwanangu au mnamzika? Haya, tuondokeni!"

Chumbani nikamsikia Zuhura analia. Nikapiga magoti mlangoni nikamzuia mama yule asitoke. "Mama, nisamehe, kosa ni langu peke yangu. Kioo cha kompyuta ni kidogo, sikuona chini."

"Kioo kidogo? Akili yako ndiyo ndogo!"

Mzee Saidi akashindwa kujizuia, akacheka, wengine wakafuata, na mama yule akakaa, ila kwa sharti: kadi zote zichomwe, na aliyezichapa azunguke kualika watu kwa mdomo.

Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi. Nikaapa sitachapa tena furaha ya mtu juu ya msiba wa mwingine, lakini habari zilishanitangulia, na kila nilipopiga hodi wenyewe waliniuliza kabla hawajafungua, "Leo ni harusi au msiba?"