Uso wa Kiden Bado Hauna Mdomo

Saa mbili asubuhi, jua limeshafika kwenye mabati ya saluni ya Jerioth, mtaa wa Hai Cinema, Juba. Poni amesimama juu ya kreti la soda, brashi ameiuma kwa meno, anautazama uso mkubwa wa mwanamke ukutani. Macho yapo. Pua ipo. Shingo ina mikunjo yake miwili. Chini ya pua hakuna kitu, ni plasta tupu.

"Leo ni Jumatano," Jerioth anamwambia kutoka mlangoni, kitana mkononi. "Jumamosi wale watu wa nywele bandia wanaleta rangi ya tangazo lao. Wataupaka ukuta mzima, na mimi nitawaachia. Mtu asiye na mdomo mlangoni pa saluni, wateja watafikiri nini?"

"Nimesikia, mama."

Jerioth, Mkenya aliyefungua saluni hii miaka sita iliyopita, anarudi ndani akinung'unika. Si mtu mbaya. Ukuta huu alimpa Poni bure, amchore yeyote amtakaye.

Poni Ezbon ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, na kumi na saba kati ya hiyo ameitumia kuchora nyuso za wanawake mashuhuri kwenye saluni za Juba. Kutoka hapa hadi Atlabara ni vigumu kutembea mitaa mitatu bila kukutana na kazi yake: mwigizaji wa Lagos anayecheka kwa jicho moja, mwimbaji wa Kinshasa na hereni zake kubwa kama sahani. Ukuta mmoja unamlipa pauni elfu themanini, na rangi ya mafuta inameza robo yake.

"Nikilipwa nanunua unga na bando," anasema. "Unga ya watoto. Bando ya dada zangu."

Dada zake ni hao nyota. Anawafuata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na anajua nani alifukuzwa na bendi akarudi na bendi yake mwenyewe, nani aliachwa na mume akaigiza vizuri zaidi. Siku mwimbaji mmoja wa Dar alipolia jukwaani, Poni naye alilia jikoni, na maharage yakaungua.

"Watu wanacheka, wanasema hawa hawakujui. Kweli, hawanijui. Lakini mimi najua mwanamke akisimama mbele ya watu elfu moja, peke yake, inataka roho ya namna gani. Niliona hiyo kitu nikiwa na miaka tisa."

Alichokiona alikiona katika kambi ya wakimbizi, kaskazini mwa Uganda, katika miaka ya tisini. Siku za mgao wa chakula watu walipanga foleni tangu alfajiri, na karani aliita namba za kadi kwa spika ya mkononi, ile ya betri. Karani alipokwenda kula, aliiacha spika juu ya magunia, na msichana mmoja aliyeitwa Josefina Kiden akaiokota, akaimba.

Aliimba kuhusu chumvi, kwa sababu mwezi ule mgao ulikuja bila chumvi. Foleni ilicheka, kisha ikasikiliza. Tangu siku hiyo karani alikuwa akikawia kurudi kutoka kula, kwa makusudi, ili Kiden aimbe.

Mwaka 1999 Kiden alipanda lori kwenda Kampala kurekodi. Hakuonekana tena. Haikubaki kaseti wala picha, hata ya paspoti. Mji huu una majina ya makamanda hadi kwenye vichochoro visivyopitika. Mwanamke aliyewashibisha watu elfu tano kwa wimbo hana hata kibao. Karatasi za magunia ya mahindi zilitunzwa, zina mihuri na tarehe. Sauti yake hakuna aliyeona haja ya kuitunza.

Ndiyo maana Poni anamchora kwa kumbukumbu za watu. Mara ya kwanza alikosea, tena vibaya. Alimchora Kiden na nywele ndefu zilizonyooka, maikrofoni ya fedha mkononi. Mama Wani, muuza bamia aliyeishi kambi ileile, akapita na beseni lake kichwani, akasimama.

"Ya biti, msichana wewe, hii ni nani?"

"Kiden."

Mama Wani alicheka mpaka akalitua beseni. "Kiden alipata maikrofoni wapi? Hata kitana tulikuwa tunaazima!"

Poni aliifuta picha kwa kiganja, rangi ikiwa mbichi. "Nilijua," anasema sasa. "Mimi mwenyewe niliiona ile spika. Lakini mkono umezoea wale wa televisheni. Hiyo ndiyo inaniuma."

Baada ya hapo, benchi la saluni likawa baraza. Waliopita kambini wanasimama, wanarekebisha: nyusi nene zaidi, paji dogo zaidi. Polepole wamekubaliana juu ya kila kitu isipokuwa mdomo. Mmoja anasema ulikuwa mpana, mwingine anaapa kulikuwa na pengo.

"Mbona sura yake inakaa kama ya mwalimu wangu wa hesabu?" anauliza Valary, mfanyakazi wa benki anayesukwa leo.

"Nyamaza usukwe," Jerioth anamwambia.

Saa nne Mama Wani anarudi bila beseni. Amekuja kwa ajili ya jambo moja, na hakai.

"Poni, kalas, basi, acha kubishana na watu. Mdogo ya Kiden iko Nesitu, nje ya mji. Rita. Anapikia madereva wa malori. Nilimwona jana kwa macho yangu. Ile ni sura ya Kiden yenyewe."

Brashi inabaki hewani. "Anajua Kiden alikwenda wapi?"

"Hajui. Na yeye anangoja, kama wewe."

Poni anashuka kwenye kreti taratibu. Anafunga makopo, anaosha brashi kwa mafuta ya taa, anazifunga ndani ya kanga pamoja na penseli na daftari la shule. Magari ya Nesitu yanaondoka mpaka mchana tu. Jerioth anamtazama, kisha anatazama ukuta.

"Na kama hana picha?"

"Sitamwomba picha," Poni anasema. "Watu wa foleni ile wote wanajua wimbo wa chumvi. Nitamwomba aimbe. Akifungua mdomo, nitachora."

Jerioth anakuna kichwa kwa ncha ya kitana.

"Jumamosi saa sita mchana," anasema. "Nitawaambia waje hapo, si asubuhi. Saa sita."