Tumbaku ilipanda ndege, mtoto akabaki uwanjani

Saa tatu asubuhi Fidelisi Haule anaifuta mizani kwa kipande cha khanga, kisha anamwita mama mnene aliyeshika kikapu cha dagaa wa Nyasa. Katika uwanja wa ndege wa Songea abiria hupimwa pamoja na mzigo wake, maana ndege yenyewe ni ndogo, inabeba watu tisa tu. Mama anavua viatu, anauliza kama makoti nayo yanahesabiwa. Amevaa mawili, mifuko imetuna.

"Yanahesabiwa, mama. Na maharage yaliyo mifukoni pia."

Zamani angelisema hilo huku akicheka. Mzaha ulimwishia Machi mwaka jana, 1993, na ukimsikiliza hutamlaumu.

Tangu soko huria liingie, safari hizi zinaendeshwa na kampuni binafsi. Mshahara wa Fidelisi wa mwezi mzima haununui hata nusu ya tiketi. Hajawahi kupanda ndege anazozipakia.

Machi ile binti yake Careen, mwenye miaka minane, alichomwa jicho na bua la mahindi shambani. Daktari hakumficha: mtoto afike kwa bingwa wa macho Dar es Salaam ndani ya siku moja. Kutoka Songea ni karibu kilomita elfu moja. Kwa ndege ni saa mbili na ushee tu. Angeondoka asubuhi na mchana awe mikononi mwa bingwa. Majirani wa mtaani kwao, Bombambili, wakachanga, zikakatwa tiketi mbili, ya Careen na ya mama yake, Adela.

Wamekwisha kupimwa, akatokea mnunuzi wa tumbaku na masanduku ya sampuli kutoka Namtumbo. Ndege ikazidi uzito. Makarius, wakala wa kampuni, akaamua mama na mtoto wasubiri ndege ya Ijumaa, eti biashara haiwezi kungoja.

Jamani, jicho la mtoto lingoje, majani ya tumbaku yawahi! Na wa kuyapakia masanduku alikuwa Fidelisi mwenyewe, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa, na nyumbani kuna wengine wanne wa kulishwa.

"Niliyabeba," anasema taratibu. "Mwanangu ananitazama kwa jicho moja, mimi nabeba tumbaku."

Kesho yake alfajiri Adela akapanda basi na mtoto. Likaharibika karibu na Mikumi, wakalala humo, wakafika Dar siku ya pili jioni. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuharibika, likatolewa. Makarius alirudisha nauli, akatoa pole, akaona mambo yameisha. Yameisha kwake!

Sasa jicho la kushoto nalo limeanza kuuma na kuona ukungu, maana jeraha la jicho moja huweza kuliathiri la pili hata baada ya miezi mingi. Daktari amemwita Careen haraka, majirani wamechanga tena, na safari ni leo. Amekaa kwenye benchi, ameegemea bega la mama yake. Mnunuzi wa tumbaku naye amefika, na masanduku yake.

Ndege inatua. Fidelisi hangoji kuambiwa. Anamwinua binti yake, anampeleka ndani na mama yake, anamfunga mkanda, kisha anarudi kusimama mlangoni mwa ndege. Masanduku hajayagusa. Makarius anakuja mbio, anamkumbusha nani anamlipa mshahara.

"Nifukuze, bwana," Fidelisi anamjibu. "Jembe ninalo, nitalima. Careen jicho lingine hana."